Toby Ziegler: Kalamu ya Rais

Toby Ziegler ni mkurugenzi wa mawasiliano wa Ikulu ya Marekani katika The West Wing, tamthilia iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC kuanzia tarehe 22 Septemba 1999 hadi 14 Mei 2006, kwa misimu saba. Aliyeibuni ni Aaron Sorkin, na aliyemwigiza Toby tangu mwanzo hadi mwisho ni Richard Schiff. Kazi ya Toby ni maneno. Hotuba za Rais Josiah Bartlet, anayeigizwa na Martin Sheen, hupita mikononi mwake kabla hazijafika jukwaani, na sentensi isiyomridhisha hairuhusiwi kupita. Hata hivyo, hotuba hizo sizo zilizomweka kwenye kumbukumbu za watazamaji. Wanamkumbuka kwa yale anayoyasema mlango wa Rais ukishafungwa, pale ambapo mtu mwenye mamlaka kuliko wote nchini anahitaji kuambiwa jambo asilotaka kulisikia.

Cheo chake kipo kweli. Rais Richard Nixon ndiye aliyeianzisha ofisi ya mkurugenzi wa mawasiliano mwaka 1969, akaikabidhi kwa Herbert Klein, mhariri wa magazeti kutoka California. Kazi ya kumwandikia Rais hotuba ni ya zamani zaidi: Judson Welliver aliifanya tangu mwaka 1921 katika utawala wa Warren Harding, na Theodore Sorensen akaifikisha kileleni alipomwandikia John F. Kennedy. Sharti la kazi hiyo ni gumu. Mwandishi akifanya vizuri hatajwi, kwa kuwa wasikilizaji hawana budi kuamini kwamba maneno yametoka moyoni mwa yule anayeyatamka. Sorkin alilichukua sharti hilo akalifanya kuwa tatizo la mhusika: mtu anayeyaamini maneno kuliko hata bosi anayeyasema, atafanyaje siku maneno na matendo yakiachana? Karibu kila tukio kubwa la Toby, kuanzia msimu wa kwanza hadi anguko lake, ni jibu la swali hilo.

Tamthilia yenyewe ilichipuka kutoka filamu ya The American President ya mwaka 1995, iliyoandikwa na Sorkin huyohuyo, naye aliiandika tamthilia hiyo akisaidiwa na watu wanaoijua Ikulu. Dee Dee Myers, aliyekuwa msemaji wa Rais Bill Clinton na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa mshauri. Lawrence O'Donnell, mmoja wa waandishi, aliwahi kuwa msaidizi wa Seneta Daniel Patrick Moynihan wa New York. Baadaye akaja Eli Attie, aliyemwandikia hotuba Makamu wa Rais Al Gore. Ndiyo maana ugomvi wa Toby juu ya neno moja katika hotuba ya mwaka, au juu ya nani ameingiza aya bila kuuliza, una ladha ya ofisi halisi. Waliouandika walikuwa wameupitia wenyewe.

Toby ni Myahudi wa Brooklyn, mwenye ndevu, kipara na suti zilizokunjamana. Katika sehemu ya kwanza kabisa anaonekana ndani ya ndege akiagizwa azime kompyuta yake. Anamwuliza mhudumu inawezekanaje ndege kubwa namna ile, yenye mitambo yote ile, iangushwe na kifaa kidogo cha dukani. Dakika chache zinatosha kumtambulisha: hapokei amri isiyo na sababu, hata pale ambapo kutii kungemrahisishia maisha. Katika sehemu hiyohiyo kiongozi mmoja wa vikundi vya Kikristo vyenye siasa kali anatamka neno la kejeli kuhusu watu wa New York. Toby anasikia kilichofichwa nyuma ya neno hilo, chuki dhidi ya Wayahudi, na halinyamazii ingawa mkutano umeitishwa kutafuta suluhu.

Historia yake kabla ya Ikulu inasimuliwa mwanzoni mwa msimu wa pili. Bartlet bado ni gavana wa New Hampshire asiyepewa nafasi ya kushinda, na Toby ni mtu wa kampeni ambaye hajawahi kushinda uchaguzi hata mmoja. Jioni moja mjini Nashua mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anasimama kulalamika kuhusu kura aliyoipiga Bartlet, iliyowapunguzia wafugaji kipato. Bartlet anakiri waziwazi kwamba amewaumiza, kisha anaeleza kwamba alifanya hivyo ili maziwa yasiwashinde bei watoto maskini. Wataalamu wengine wa kampeni wanaona maafa. Leo McGarry, anayeiendesha kampeni hiyo, anawafukuza kazi wote isipokuwa Toby, aliyekuwa amekaa baa akisubiri naye kufukuzwa. Tangu hapo uhusiano wa Toby na Bartlet unakaa juu ya jukwaa lile la Nashua: Toby anamfuata mwanasiasa aliyethubutu kusema ukweli kwa gharama yake mwenyewe, na kila Bartlet anapokaribia kuusaliti ukweli, Toby huwa wa kwanza kukereka.

Sehemu iliyompatia Toby nafasi yake katika historia ya televisheni ni ya kumi katika msimu wa kwanza, In Excelsis Deo, iliyorushwa tarehe 15 Desemba 1999. Polisi wanampigia simu karibu na Krismasi. Mwanamume asiye na makazi amekutwa amekufa kwa baridi kwenye benchi, karibu na mnara wa kumbukumbu ya vita vya Korea jijini Washington. Mfukoni mwa koti lake kuna kadi yenye jina la Toby. Koti lilikuwa la Toby, alilitoa kwa shirika la hisani na kadi ikasahaulika ndani. Huo ndio uhusiano wote uliopo kati yao. Lakini Toby ameiona chale mkononi mwa marehemu na kutambua kwamba alikuwa askari wa majini aliyepigana Korea, na gari la wagonjwa lilichukua zaidi ya saa moja kumfikia. Hawezi tena kuendelea na siku yake. Anamtafuta ndugu wa marehemu, mtu mwenye akili nzito anayeishi mitaani pia, kisha analitumia jina la Rais, bila kumwuliza Rais, kumpatia maiti maziko ya kijeshi katika makaburi ya Arlington.

Bartlet anapogundua anamwonya: wakifanya hivi, maaskari wote wa zamani wasio na makazi watajitokeza kudai. Toby anajibu kwamba hilo ndilo analolitumaini. Maziko yenyewe yanaonyeshwa yakipishana na kwaya ya watoto inayoimba ndani ya Ikulu, na bendera iliyokunjwa anakabidhiwa ndugu wa marehemu. Anayehudhuria pamoja na Toby ni Bibi Landingham, katibu muhtasi wa Rais, ambaye watoto wake pacha walikufa Vietnam. Kwa sehemu hii Sorkin na Rick Cleveland walipata tuzo ya Emmy ya uandishi mwaka 2000, na mwaka huohuo Schiff akapata Emmy ya mwigizaji msaidizi bora. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni tendo lenyewe. Toby amelitumia jina la bosi wake bila idhini, kwa sababu aliamini kwamba jina hilo lilikuwa na deni kwa mtu yule. Safari hii linampa sifa. Miaka sita baadaye tendo la aina ileile litamwangamiza.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kuikumbuka sehemu moja ya msimu wa pili, iliyorushwa Oktoba 2000. Rais Nimbala wa nchi ya kubuni ya Kiafrika, Equatorial Kundu, anafika Washington kuomba dawa za UKIMWI kwa bei ambayo watu wake wanaiweza. Aliyemwigiza ni Zakes Mokae wa Afrika Kusini. Toby na Josh Lyman, naibu mkuu wa utumishi, wanakaa mezani kati yake na wawakilishi wa kampuni za dawa, na hapo Toby haonyeshwi kuwa malaika. Ndiye anayemkumbusha Josh kwamba kidonge cha pili kinagharimu senti chache, lakini kile cha kwanza kiligharimu mamia ya mamilioni ya dola za utafiti. Kisha inaelezwa kwamba dawa zinapaswa kumezwa kwa saa maalumu, na Toby anauliza tatizo liko wapi. Nimbala anajibu kwamba watu wake hawana saa za mkononi. Toby ananyamaza.

Jibu lile, la watu wasiojua saa, lilikuwa hoja iliyotumika kweli miaka ile dhidi ya kuleta dawa Afrika, na wagonjwa wa Afrika waliikanusha kwa vitendo mara tu dawa zilipopatikana. Tamthilia haikulifikia hilo. Ilipokuwa hewani matibabu ya mgonjwa mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuyauza kwa dola 350, na mwaka huohuo Kenya ikapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani iliyofungua njia ya kuingiza dawa hizo za bei nafuu. Nimbala wa kwenye tamthilia hakuishi kuyaona hayo. Serikali yake inapinduliwa akiwa Washington, anakataa hifadhi, anarudi nyumbani na kupigwa risasi uwanja wa ndege.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza Rais na Josh wanajeruhiwa kwa risasi huko Rosslyn, Virginia. Toby anajilaumu, maana ndiye aliyeshikilia kwamba Rais aonekane akitoka majengoni bila kufunikwa, na mlinzi mkuu wa Rais ndiye anayejaribu kumtua mzigo huo. Lakini jeraha la Rosslyn linafunguka upya miezi kadhaa baadaye katika sehemu iitwayo 17 People, iliyorushwa tarehe 4 Aprili 2001, ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha mhusika huyu, na wana haki.

Toby ameona jambo lisiloeleweka: Makamu wa Rais John Hoynes anajipanga kana kwamba Bartlet hatagombea tena. Anawaza usiku na mchana akiurusha mpira ukutani mwa ofisi yake, kisha anamwendea Leo, ambaye sasa ni mkuu wa utumishi wa Rais. Leo anampeleka kwa Rais, na Rais anamwambia: kwa miaka mingi amekuwa na MS, ugonjwa wa neva unaokuja na kuondoka, na aliwaficha wapiga kura. Toby ni mtu wa 17 kuambiwa. Bartlet anatarajia huruma. Toby anauliza nani alikuwa na mamlaka ya nchi usiku ule wa Rosslyn, Rais akiwa chini ya dawa ya usingizi mezani kwa daktari, bila barua ya kumkabidhi Makamu madaraka kama marekebisho ya 25 ya katiba yanavyotaka. Anauliza waliompigia kura walijua wanampigia kura mtu gani. Rais anapandisha sauti. Toby hapandishi na wala harudi nyuma.

Sorkin ameiweka mandhari hiyo kwa ustadi mkubwa. Katika chumba cha jirani wasaidizi wengine wanaandika vichekesho kwa ajili ya karamu ya waandishi wa habari wa White House, na vicheko vyao vinapenya ukutani huku wanaume watatu ndani ya ofisi ya Rais wakijua kwamba utawala huenda umekwisha. Schiff anaigiza karibu yote kwa macho na kwa kunyamaza. Ustadi wake mkubwa ulikuwa huo. Katika tamthilia iliyosifika kwa watu kusema kwa kasi wakitembea vibarazani, alifanya kimya chake kiwe na uzito kuliko mazungumzo ya wenzake.

Siri ya ugonjwa inaishia hadharani, Bunge linachunguza, na Rais anakubali karipio rasmi. Toby anabaki kazini. Haachi tabia yake. Mwanzoni mwa mwaka 2002 anamwambia Rais ana kwa ana kwamba anajificha nyuma ya utani na upole kwa sababu ya baba yake, aliyekuwa akimpiga utotoni. Bartlet anakosa usingizi usiku kadhaa hadi inabidi aitiwe daktari wa akili. Muda mfupi baadaye, katika Hartsfield's Landing, wanacheza sataranji usiku wakijadili kampeni dhidi ya Robert Ritchie, gavana wa Florida asiyependa kufikiri sana. Toby anamtaka Bartlet aache kujifanya mzee mchangamfu wa kijijini, asimame mbele ya nchi akiwa mtu mwenye elimu na akili kama alivyo, kisha wananchi waamue. Ushauri wa kawaida wa kampeni ungekuwa kinyume chake.

Maisha yake nje ya ofisi yamechorwa kwa mistari michache. Andrea Wyatt, mbunge wa Maryland, ni mtalaka wake, na bado Toby anavaa pete ya ndoa. Andrea hamwogopi hata kidogo. Rais anapoandaliwa hotuba ya Umoja wa Mataifa, anafika ofisini kupinga maneno makali ya Toby kuhusu nchi za Kiislamu, na mabishano yao yanatoshana nguvu. Wanapata pacha, Huck na Molly, waliozaliwa mwishoni mwa msimu wa nne, usiku uleule binti wa Rais alipotekwa. Toby alikuwa amemnunulia Andrea nyumba aliyoitamani siku zote akitumaini watarudiana. Andrea anakataa, akimweleza Toby kwamba amejaa huzuni kupita kiasi. Sehemu ya huzuni hiyo inatoka kwa baba yake, Julie, aliyelitumikia genge la wauaji la Brooklyn lililojulikana kama Murder, Inc. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya siri za aina ile, akaja kumkuta Rais wake naye ana siri, hawezi kulichukulia jambo hilo kama kosa la kiutawala tu.

Sorkin aliondoka baada ya msimu wa nne, mwaka 2003, na usukani ukashikwa na John Wells. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: waandishi wapya walimpa Toby sehemu nzuri kadhaa, hasa ile ya mwaka 2004 ambapo anajaribu kwa siri kuuokoa mfuko wa pensheni wa taifa kwa kuzungumza na seneta wa chama pinzani, akijua kwamba mpango ukifanikiwa sifa itakwenda kwa wengine. Baada ya hapo giza linamzidi. Ndugu yake David, mwanaanga, anajiua baada ya kugundulika ana saratani. Josh ameshaondoka Ikulu kumpigia kampeni mgombea urais Matt Santos, na Toby anayaona hayo kuwa usaliti. Wawili hao, marafiki wa miaka mingi, wanafikia kupigana makonde ofisini.

Kisha inakuja habari ya chombo cha anga. Mwishoni mwa msimu wa sita wanaanga wamekwama katika kituo cha kimataifa cha anga kinachovuja hewa ya oksijeni. Serikali ina chombo cha kijeshi kinachoweza kuwafikia, lakini kuwepo kwake ni siri ya taifa, na Ikulu inasita. Habari inavuja kwa Greg Brock, mwandishi wa New York Times. Brock anafungwa kwa kukataa kumtaja aliyempa habari, na shaka inamwangukia C. J. Cregg, mkuu wa utumishi wa Ikulu wakati huo. Toby anakwenda kwake na kukiri. Katika sehemu iliyorushwa Oktoba 2005 anahojiwa na mwanasheria wa Rais, anakataa kutaja aliyemweleza siri hiyo, na Bartlet anamfukuza kazi. Rais anamwambia kwamba huko nje watakuwepo wengi watakaomwona shujaa, ila yeye hatakuwa miongoni mwao.

Mwezi huohuo, nje ya tamthilia, Lewis Libby, mkuu wa utumishi wa Makamu wa Rais Dick Cheney, alishtakiwa kwa kusema uongo katika uchunguzi wa kuvuja kwa jina la jasusi wa CIA, na mwandishi wa New York Times alikuwa ametoka jela karibuni katika kesi hiyohiyo. Watazamaji waliyaona yanayofanana bila kuelekezwa. Tofauti yao ni kubwa, kwa sababu Toby alivujisha ili watu wasife, na alipoona mwingine anashukiwa alijitokeza.

Schiff hakuupenda mkondo huo, na amelisema hilo hadharani zaidi ya mara moja. Kwa maoni yake Toby asingemsaliti Rais kwa namna ile, na aliigiza akijiambia kwamba Toby anamkinga mtu mwingine. Hoja yake ina nguvu. Kwa misimu mingi Toby alipinga kwa uso, ndani ya chumba, na kupitia gazeti si njia yake. Lakini aliyemzika askari wa Korea kwa jina la Rais bila ruhusa alikuwa Toby huyohuyo, na ndugu aliyekufa alikuwa mwanaanga. Udhaifu wa simulizi hiyo unaonekana mahali pengine: watazamaji hawakuonyeshwa Toby akiamua. Mhusika aliyejengwa kwa kubishana alinyimwa ubishi mkubwa kuliko wote, na badala yake wakapewa ungamo baada ya tendo.

Akiwa nje, anaendelea kumpa Josh ushauri wa kampeni kimyakimya, na urafiki wao unapona. Katika sehemu ya mwisho, Bartlet akikabidhi madaraka, anatia saini msamaha wa Toby saa chache kabla hajaondoka. Msimu wa saba ulikuwa umefunguliwa kwa tukio la miaka mitatu baadaye, wakati wa kuzindua maktaba ya Bartlet, na Toby yupo pale, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia.

Oktoba 2020 waigizaji walikutana tena katika ukumbi wa Orpheum, Los Angeles, kwa onyesho maalumu la HBO Max la kuhamasisha Wamarekani wapige kura. John Spencer, aliyemwigiza Leo, alifariki Desemba 2005, na nafasi yake ilichukuliwa na Sterling K. Brown. Katika sehemu zaidi ya 150 za tamthilia nzima, iliyochaguliwa kuigizwa upya jukwaani ilikuwa Hartsfield's Landing, na Schiff akakaa tena mbele ya Sheen kwenye ubao wa sataranji, akimwambia Rais asiogope kuonekana ana akili.